Daktari Aliyesikiliza Mkojo

Nikimkumbuka, sauti ya bati hutangulia na sura yake hufuata baadaye. Nyuma ya kliniki ya wanaume palikuwa na ukuta mfupi, na upande wa pili wa ukuta huo Daktari alikuwa ameegemeza kipande cha bati kuukuu. Mgonjwa aliambiwa azunguke, akakojolee bati lile peke yake, asiwe na haraka. Daktari alikaa upande wa huku juu ya kigoda, amefumba macho, nami nilisimama mlangoni na mafaili kifuani. Mchana wa Mtwara ukishika joto kila kitu husinzia, hata malori ya korosho bandarini hunyamaza, na katika ukimya ule maji yalianza kugonga bati. Ya mwingine yalitoka kwa nguvu na kwisha. Ya mwingine yalidondoka, yakasita, yakadondoka tena, yakasita mpaka nawe ukajikuta umebana pumzi ukiyangoja. Daktari alifumbua macho na kusema, tezi, au huyu ana kovu kwenye njia, au huyu mzima kabisa, ana ugomvi na mkewe. Kisha alimlaza mtu kitandani, akampima kwa kidole na kwa vipimo vyote vinavyotakiwa, na mara nyingi bati lilikuwa limesema kweli.

Sitamtaja jina. Jina lake analo mwenyewe na wanawe. Mjini walimwita Fundi Bomba, akalijua na asikasirike. Siku moja sokoni nilimsikia akiitikia. Sisi kazini tulimwita Daktari, na ingawa madaktari walikuwepo wengine, ukisema Daktari hakuna aliyeuliza yupi. Alikuja kutoka bara mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mkristo, mrefu, mwenye vidole virefu vya mtu ambaye ungedhani anapiga kinanda. Mimi nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwenyeji wa huku huku, binti wa muadhini wa kijiji kimoja upande wa Madimba, ukielekea Ruvuma inakoingia baharini. Nilifanya naye kazi zaidi ya miaka kumi, na mpaka leo nikichemsha vyombo nyumbani kwangu husikia kama mtu ananiambia nisivitoe mapema.

Wageni walilicheka lile bati, lakini sisi wenyeji tulilielewa upesi. Mwanaume wa kwetu aliyepita jandoni amefundishwa kwamba habari za chini ya kiuno hazisemwi mbele ya mwanamke, na mbele ya mwanaume mgeni husemwa kwa mafumbo. Atakuja na kibofu kimejaa mpaka kitovuni, ukimuuliza anaumwa nini, atasema mgongo. Ukimwuliza sana atasema mgongo na miguu. Katika mwaka wake wa kwanza Daktari alitibu migongo mingi sana isiyo na ugonjwa, kisha akagundua kwamba watu hawa hawakatai kupimwa, wanakatazwa kusema. Basi akawatafutia njia ya kutosema. Mzee mmoja alitoka nyuma ya ukuta akifunga shuka yake, ametulia uso kama aliyetua gunia, akasema, "Dokta, umesikia mwenyewe. Nkojo wangu mpaka niubembeleze." Hayo ndiyo yalikuwa maelezo marefu kuliko yote tuliyopata mwaka ule.

Alikuwa na misemo yake, na aliirudia bila kujali kwamba tumeichoka. Mkojo haujui kusema uongo. Faili likidanganya, kisu kinadanganyika. Huo wa pili ndio uliomtoa povu. Mtu mpole yule, aliyewaita wazee wote baba na aliyeinama kumfungia mgonjwa kiatu, alikuwa radhi kumrudisha muuguzi wodini mara tatu kwa sababu ya joto la mwili lililoandikwa bila kupimwa. Hakufoka. Alishusha sauti, na akishusha sauti ulitamani ardhi ipasuke uingie. Mwenzangu mmoja aliwahi kuandika kwamba mgonjwa hajala tangu asubuhi, wakati mgonjwa alikuwa amekula muhogo uani. Daktari aliahirisha upasuaji, akavua glavu moja moja, akamwambia kwamba makosa ya mkono yeye anayajua na anaweza kuyashona, ila ya kalamu hajui aanzie wapi. Yule mwenzangu alilia wiki nzima. Nami nikajisifu moyoni kwamba mimi si wa hivyo.

Jambo lililotuchekesha ni kwamba fundi wa maji yule aliyaogopa maji. Mtwara imezungukwa na bahari pande zote unazoweza kutazama, lakini sikuwahi kumwona amelowa hata kisigino. Alitembea ufukweni na viatu na soksi. Tulipokwenda vijijini karibu na Ruvuma kupima kichocho, watoto wakiruka madimbwini kando ya mashamba ya mpunga, yeye alisimama mbali kama paka na kuwapigia kelele watoke. Wale watoto walikuwa wakikojoa damu, na wazee wao waliona ni dalili ya kukua, kwamba kijana ameanza kuwa mwanaume. Daktari aliketi nao mchana kutwa kulipinga hilo, sauti imemkauka, na hakuna aliyemwona akinywa maji. Aliwaamuru watu wote wa mkoa huu wanywe maji mengi, na yeye mwenyewe aliishi kwa chai ya tangawizi.

Alihifadhi mawe. Mawe ya kibofu, namaanisha, yale aliyoyatoa kwa kisu kwa watoto na kwa wazee. Aliyaosha, akayafunga kwenye shashi, akayaweka ndani ya kopo la siagi mpaka mwenyewe apone, kisha akamkabidhi kwa heshima na kumwambia hii ni mali yako. Mkulima mmoja kutoka ng'ambo ya mto, aliyekuwa amevuka mpaka akiwa hajiwezi, alilitazama jiwe lake lenye ukubwa wa yai la kanga, akalipima uzito kiganjani, akaniambia kwa Kimakonde nimtafsirie kwamba anamtaka Daktari alitunze yeye, maana akirudi nalo kwake mkewe atamdharau kwa kuugua miaka yote ile kwa kitu kidogo hivyo. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo jiwe pekee lililobaki kwenye kopo.

Palikuwa pia na mama mmoja ambaye siwezi kumwacha. Alizaa kwa taabu kijijini, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo ulimtoka bila kujua, usiku na mchana. Alipoingia kwenye benchi la kliniki, wenzake walisogea, wakasogea tena, mpaka benchi zima likawa lake. Daktari alitoka ofisini na chai yake akaenda kukaa karibu naye, bega kwa bega, akaanza kumuuliza habari za shamba. Mama alikuwa na kikapu cha ming'oko, mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha, aliyoileta hata sijui kwa nini, maana alishazoea kwamba chakula kinachopita mikononi mwake hakiliwi na mtu. Daktari aliuliza kama anaweza kuonja. Akala mmoja, akala wa pili, akaniambia sista, kula, hii haipatikani kwetu. Nilikula. Ilibidi mama yule afanyiwe upasuaji mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukushika, na Daktari alimwambia waziwazi kwamba haukushika. Siku alipoondoka na khanga kavu alipita benchi lile lile na hakukaa. Alisimama tu kidogo akalitazama, akaenda zake.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha mkono wake. Masika barabara ya Dar es Salaam ilikatika kwa miezi, na sisi tulisikitika, lakini nadhani yeye aliifurahia ile miezi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia mgonjwa huyu apelekwe kwa wakubwa. Alichagua kesi ngumu. Kuna aliowapoteza. Akipoteza mtu hakusema na yeyote siku nzima, alivisugua vyombo mwenyewe kwa brashi, na sisi tulimpisha.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Mkojo ulimziba baba yangu mwaka mmoja mwishoni mwa msimu wa korosho, Ramadhani ikiwa imeanza. Siku mbili alisema ni mgongo. Binamu yangu alimleta kwa baiskeli, tumbo limejaa kama ngoma, na Daktari akamwingiza mpira wa mkojo, baba akapumua. Ilikuwa tezi dume, kubwa. Kwa kuwa alikuwa amedhoofu, upasuaji ulipangwa baada ya Idi, na yeye aende nyumbani na mpira wake na mfuko wake akajenge nguvu.

Mpira ule hauzuiliwi na kamba. Ndani ya kibofu, kwenye ncha yake, kuna puto dogo linalojazwa maji kama vijiko viwili ili usichomoke. Anayetaka kuutoa huyanyonya kwanza yale maji kwa bomba la sindano. Ukiuvuta hivi hivi, puto hupita kwa nguvu penye njia nyembamba na kuichana. Mgonjwa yeyote anayeruhusiwa na mpira huelezwa hayo, na kumweleza ni kazi ya muuguzi wa zamu. Tulikuwa wachache, hata sisi wa upasuaji tulishika zamu za wodi, na siku baba aliporuhusiwa, muuguzi wa zamu nilikuwa mimi.

Nilikwenda mpaka kitandani kwake. Alikuwa amevaa kanzu, anapanga vitu vyake kwenye kikapu. Nikamuuliza kama amelala vizuri, akasema amelala. Nikamuuliza kama miguu bado inavimba, akasema inapungua. Nilikuwa nimewaeleza maneno yale wanaume wasiohesabika, wengine wazee kuliko yeye, bila kupepesa jicho. Kwa baba ulimi uligoma. Ningeyaitaje mambo yale mbele ya mtu aliyenifundisha kusoma Kurani? Akasema gari la kijijini litamwacha. Nikatoka, nikamwomba mhudumu mmoja wa kiume amweleze kwa niaba yangu. Akakubali, kisha akaitwa kusukuma machela, na gari likaondoka. Nilijiambia baba hatauvuta, nani avute kitu kama kile. Nikafungua faili lake nikaandika: mgonjwa ameelezwa. Nikatia sahihi.

Mwezi mzima alisalia nyumbani. Sheikh wa kijiji alimwendea akamwambia dini ina wepesi, mwenye maradhi ya namna hiyo hutawadha kwa kila sala akasali na mpira wake, hana dhambi. Baba aliyajua hayo kuliko sheikh. Lakini muadhini ni mtu wa mbele, na Idi ilipofika hakuweza kuvumilia kuikaribia safu na mfuko wa mkojo umefungwa pajani. Aliwaza, bila shaka, kwamba kitu kilichoingia kwa kusukumwa kitatoka kwa kuvutwa. Akaingia bafuni mapema, akaoga, akavuta.

Walimleta mjini adhuhuri ile ile, kanzu mpya ya Idi imelowa damu. Daktari alijifungia naye kwenye chumba cha vidonda, akakaa naye muda mrefu. Nje, kwenye korido, matroni alisimama na faili mkononi ameweka kidole kwenye sahihi yangu. Aliniuliza kama kweli nilimweleza mgonjwa, maana mgonjwa aliyeelezwa hawezi kufanya hivi. Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Mlango ukafunguka, Daktari akatoka anafuta mikono, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi ndiye niliyemwambia sista kwamba nimeshamweleza mzee. Sikumweleza. Nilisahau. Kosa ni langu." Matroni alimtazama, akanitazama. Nikainamisha kichwa, nami nikanyamaza.

Aliandikiwa barua ya onyo. Yeye, aliyekuwa hawezi kuvumilia nambari moja ya uongo kwenye faili, alitia sahihi kukiri kosa ambalo hakulitenda, na hakunigusia jambo hilo hata siku moja. Niliingojea ile sauti ya chini wiki hadi wiki. Haikuja. Aliniomba mkasi na uzi kama kawaida, akanisifu nikifanya vizuri, na kila sifa iliniunguza. Nilidhani amenihurumia kwa sababu wauguzi wa upasuaji tulikuwa wachache. Nilidhani pia kwamba ananidharau. Siku nyingine nilidhani yote mawili kabla ya chai ya saa nne.

Baba alitobolewa tumboni akapewa mpira wa njia nyingine, akakaa nao hadi masika. Upasuaji ulipofika mvua ilikuwa imekata kila barabara, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtegemea ila Fundi Bomba. Asubuhi ile nilikuja nimevaa mavazi ya kazi, kwa kuwa sikujua nivae nini. Daktari alinizuia mlangoni. Akaniambia leo wewe si sista, leo wewe ni mtoto wa mgonjwa, nenda kakae wanakokaa watoto wa wagonjwa. Nilikaa kwenye sakafu ya baraza pamoja na wanawake wengine. Mvua ilinyesha juu ya paa, na kwa mara ya kwanza nilijua jinsi mlango ule unavyoonekana ukiwa upande wa nje. Sijui nilikaa saa ngapi. Nilikuwa kama nimelala macho wazi, nasikia adhana ya baba ya zamani, ile ya utotoni mwangu, ikija na kupotea kwenye mvua. Kisha Daktari alitoka, kofia imelowa jasho, akachuchumaa mbele yangu. Tezi imetoka, akasema, na mzee anauliza kama adhuhuri imepita.

Basi alipona, na hakupona. Tezi ilikwisha, lakini pale puto lilipopita palibaki kovu, na kovu la njia ya mkojo lina tabia ya kujikunja polepole. Kila baada ya miezi michache baba alipanda gari la alfajiri kuja mjini, Daktari akampanulia njia kwa vyuma vyembamba, akarudi kijijini. Alirudi kwenye safu yake, alirudi kwenye adhana yake, na watu walisema sauti imekuwa nzuri zaidi. Ila kila alipokuja kliniki nilimwona akipanda zile ngazi, mkono mmoja ukutani, na nilijua ngazi zile nimemjengea mimi. Nilimwambia shikamoo baba. Aliniambia marahaba mwanangu, kazi zinaendaje. Nikasema zinaenda. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote hadi alipofariki kwa homa ya mapafu, na sikumwambia.

Daktari alistaafu na hakurudi bara. Alijenga Likombe, pembeni ya mji, nyumba ndogo yenye baraza, kuku na shamba la kunde nyuma. Nilipita mara moja moja kumsalimia, na kila mara niliondoka na neno langu. Mara ya mwisho ninayotaka kusimulia ilikuwa alasiri, mwaka mmoja hivi baada ya baba kuzikwa. Alikuwa ameketi mkekani anamenya kunde juu ya ungo, mvi zimemjaa, miwani imeshuka puani. Alinikaribisha, nikakaa, nikashika kunde nami. Tulimenya kama watu waliozoea kufanya kazi pamoja. Nikamwambia, bila kupanga, kwamba kuna jambo nimelibeba.

Nilimweleza lote. Kitanda, kikapu, mhudumu, kalamu. Sikulia, nilisimulia kama ninavyotoa taarifa ya zamu. Yeye aliendelea kumenya.

"Najua, sista," akasema.

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ile ile ya Idi. Baba yako aliniambia." Aliweka kunde chini. "Nilimuuliza mle chumbani kama hakuelezwa. Akanishika mkono, damu bado inamtoka, akasema, dokta, asiulizwe binti yangu. Alikuja kunieleza, nikaona ana neno linalomshinda, nami nikajifanya nina haraka ya gari. Ningemngojea angesema. Ile haya nimempa mimi, nikampa na nyingine juu yake. Sema umesahau wewe."

Niliiokota ile kunde aliyoiweka chini.

"Nilimwambia mimi siandiki uongo," Daktari akasema. "Akaniambia basi huu si wako, ni wangu, wewe unautamka tu. Akanitaka nisikwambie mpaka uje mwenyewe. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona haya kuja nyumbani."

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kijijini, miaka yote ile, na sukari na dawa na uso nilioutengeneza njiani. Baba alinipokea kikapu mlangoni, akaniuliza habari za kazi, akanitengea pale karibu naye, na mimi nikakaa nikidhani ninamficha.

Nililia pale mkekani, kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia msibani. Daktari hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Aliusogeza ungo kati yetu, na nilipoweza kuona tena tukaendelea kumenya.